RAM ipo tele, mbona draiva yangu yakosa bafa?

"Assalam aleikum kaka. Niko mwaka wa nne hapa Mombasa, projekti yangu ni draiva, yani programu ya kuendesha kifaa, ya Linux ya kadi moja ya mtandao ya gigabiti, nimeiandika mwenyewe kutoka mwanzo. Mashine ina RAM GB 8 na pia yarekodi kamera nne za duka la mjomba. Niliweka MTU, ule ukubwa wa mwisho wa paketi, baiti 9000 manake nimesoma paketi kubwa zina mwendo zaidi, kwa hivyo kila bafa ya kupokea, ile memori ya kuwekea paketi inayofika, naiomba kerneli (kiini cha Linux) kwa kmalloc, kipande kimoja. Nikiwasha yaenda vizuri, siku ya tatu naanza kuona kwa logi 'page allocation failure: order:2', halafu kadi yanyamaza kabisa mpaka nitoe moduli niirudishe. Na free yaonyesha available GB 3.1! Kingine, paketi ndogo za UDP kutoka kwa sensa za joto zadondoka hata mashine ikiwa haina kazi. Msimamizi wangu asema niongeze RAM iwe GB 16. Ninunue? Ama nirudishe MTU 1500? Buddyinfo, ile hesabu ya kerneli ya memori iliyo wazi, kwa zoni (sehemu ya RAM) ya Normal ni hii: 18211 6043 0 0 0 0 0 0 0 0 0. Ya DMA32 nayo haina nafuu."

Waaleikum salaam mdogo wangu. Pesa ya RAM iweke mfukoni kwanza. Nimelisoma swali lako mara mbili, pamoja na msimbo ulioutuma, na naona umeleta shida tatu ukidhani kila moja ina mama yake, logi ya order:2, kadi kunyamaza, na paketi ndogo kudondoka, lakini zote zatoka kwa uamuzi mmoja ulioufanya siku ya kwanza, ule wa kuomba bafa kubwa ya kipande kimoja kwa kila paketi. Na sikulaumu, karibu kila mtu anayeandika draiva yake ya kwanza aanzia hapo hapo. Tuanze na hiyo GB 3.1 manake ndiyo inayokuchanganya wewe na msimamizi wako.

Hiyo available sio memori tupu. Sehemu kubwa yake imeshikwa na kashe ya faili, na wewe una kamera nne zinaandika video usiku na mchana, kwa hivyo kerneli imejaza RAM peji za hizo video ikijua mwenye shida akija itazitoa. Kuzitoa ni kazi na kwahitaji muda, zingine lazima ziandikwe diski kwanza. Memori iliyo wazi sasa hivi, ya kuchukua bila kusubiri, ni ile ya buddyinfo, hebu tuisome pamoja. 18211 ni peji moja moja za baiti 4096, hiyo ni kama MB 71. 6043 ni peji mbili mbili zilizopakana, kama MB 47. Namba ya tatu ndiyo order:2 yenyewe, peji nne zilizopakana, na hapo una sufuri. Kutoka hapo kwenda kulia ni sufuri tupu. Yani kwenye zoni hiyo una kama MB 118 ziko wazi na hakuna hata mahali pamoja ambapo peji nne zimekaa bega kwa bega kwa mpangilio ambao kerneli yautaka.

Ushaingia zile yadi za konteina pale Shimanzi ama Changamwe? Konteina la futi 40 likija, mwenye yadi haulizi nafasi tupu ziko ngapi, auliza kama kuna nafasi mbili za futi 20 zilizoungana kichwa kwa mkia. Aweza kuwa na nafasi thelathini tupu, moja huku moja kule, na trela bado likalala nje ya geti. Wewe kila paketi unayopokea unaleta konteina la nafasi nne, na kwa kerneli sio nne popote, lazima zianze kwa peji ambayo namba yake yagawanyika kwa nne. Ndio maana RAM ya GB 16 haitakutoa hapo. Msimamizi wako hajakosea kabisa, ukiongeza utapata siku kadhaa zaidi kabla kashe haijajaa, lakini kamera hazilali, na kashe hula chochote utakachoipa.

Sasa waweza kuuliza, mbona kerneli isizisogeze peji ikapata nafasi? Yaweza, na hufanya hivyo, ila kwa mwombaji anayeweza kungoja. Bafa zako za kwanza waziomba ndani ya open, kadi inapowashwa, kwa GFP_KERNEL, hapo waruhusiwa kulala, yani kungoja, na tena memori bado mbichi, kwa hivyo zapatikana bila shida na wewe waona draiva iko sawa. Lakini kila paketi ikishapelekwa juu lazima urudishe bafa mpya kwenye ringi, ule mduara wa nafasi ambazo kadi yaandikia paketi, na hiyo yafanyika ndani ya poll ya NAPI, funksheni ambayo kerneli huiita kuchukua paketi zilizofika, mahali ambapo huwezi kulala hata kidogo, ndio maana umeandika GFP_ATOMIC. Maana ya hiyo ni nipe sasa ama uninyime. Peji moja ATOMIC huipata karibu kila wakati, hata akiba ya dharura yaruhusiwa kuguswa. Peji nne zilizopakana ni bahati nasibu.

Na hizo peji nne zatoka wapi wakati paketi ni 9000? Nimepiga hesabu ya msimbo wako: 9000 za data, 14 za kichwa cha Ethernet, 4 za CRC ya kukagua makosa, nafasi ya mbele kama 64, halafu mwisho wa bafa kerneli yataka kama 320 za skb_shared_info, maelezo yake yenyewe kuhusu paketi. Jumla 9402. kmalloc haina saizi ya 9402, yaruka kutoka 8192 hadi 16384, kwa hivyo kwa kila bafa watupa karibu baiti 7000, na ringi yako ya deskripta 512, zile nafasi zenyewe, yakaa na MB 8 ambazo kaka yangu karibu nusu yake ni hewa. Sio wewe peke yako uliyepita hapa. Draiva ya e1000 ya Linux ilikuwa na shida kama hii, kadi zile zilikubali bafa za saizi maalum tu, zikiwemo 2048, 4096, 8192 na 16384, ukiweka jumbo, yani fremu kubwa kama hizo za 9000, yachukua 16384, ukiongezea yale mabaki ya kerneli yaruka mpaka 32768, yani order:3. Walitoka hapo kwa kuacha kmalloc kwenye jumbo na kupokea kwa peji, na wewe ndiko ninakokupeleka.

Kadi kunyamaza ni jambo la pili na hili lirekebishe leo hata kabla hujagusa mambo ya saizi. Angalia mpangilio wako: wachukua paketi, waipeleka juu, halafu waomba bafa mpya, ikikosekana waachia deskripta tupu na kusema utajaribu tena ukiitwa. Utaitwa na nani? Deskripta zikiisha zote kadi haina pa kuandika, isipoandika haitoi intarapti (ishara kwa CPU) ya kupokea, isipotoa intarapti poll haiitwi, poll isipoitwa hakuna wa kujaza ringi. Hata memori ikipatikana dakika moja baadaye, hakuna wa kwenda kuichukua. Geuza utaratibu. Omba bafa mpya KABLA ya kuiachia ile iliyojaa. Ukiipata, peleka ya zamani juu na uweke mpya. Ukiikosa, itupe hiyo paketi, ongeza kaunta ya rx_dropped, na ile bafa ya zamani irudishe kwenye ringi ilivyo. Paketi moja ikipotea TCP itaituma tena, ringi ikikauka umepoteza mtandao mzima. Na uweke pia kazi ya baadaye, ile delayed work, ipite kuangalia kama ringi imepungua iijaze, matoleo mengi ya virtio_net, draiva ya mtandao ya mashine pepe, yana kitu hicho na waweza kuyasoma.

Paketi ndogo za sensa sasa. Hapa wengi huumia bila kujua manake hakuna kosa lolote kwa logi ya draiva. Soketi inapohesabu memori iliyotumia, haihesabu urefu wa paketi, yahesabu ukubwa wa bafa iliyobeba paketi, hiyo waiita truesize. Sensa yako yatuma baiti 60, lakini imekalia bafa ya 16384. Ukubwa wa kawaida wa foleni ya soketi kwa Linux ni baiti 212992, gawanya, wapata paketi 12 ama 13 hivi. Programu yako ikichelewa kidogo tu kusoma, labda yaandika diski, sensa zikatuma kwa pamoja, ya kumi na nne yatupwa. CPU imelala, RAM ipo, na data yapotea. Ni kama mtu mmoja akipanda matatu peke yake halafu dereva aondoke amesema imejaa. Dawa yake ni ya zamani na ni nzuri, waiita copybreak: paketi ikiwa chini ya baiti 256, tengeneza skb (kifurushi cha kerneli cha kubeba paketi) ndogo, nakili zile baiti chache, na bafa kubwa irudi kwenye ringi hapo hapo bila hata kuondoa mapu ya DMA (ile ruhusa ya kadi kuandika kwenye RAM yenyewe), ila usisahau dma_sync_single_for_cpu kabla ya kusoma na ya device kabla ya kurudisha. Watu huogopa kunakili, wafundishwa chuoni kwamba kunakili ni dhambi. Baiti 60 zaingia kwenye laini moja ya kashe ya CPU, ambayo ungeigusa tu ukisoma kichwa cha paketi, kwa hivyo hapo hujapoteza kitu.

Haya, 9000 ama 1500? Nataka tupime vizuri manake zote mbili zina haki yake. Kwa waya wenyewe faida ni ndogo kuliko watu wanavyosema. Fremu, yani paketi ikiwa kwenye waya, ya 1500 yachukua nafasi ya baiti 1538 ukihesabu vichwa na mapumziko, na ndani yake data ya TCP ni 1460, hiyo ni asilimia 94.9. Ya 9000 yachukua 9038 na data 8960, asilimia 99.1. Umeokoa asilimia 4 hivi. Faida kubwa iko kwa CPU: gigabiti moja iliyojaa ni kama paketi 81,000 kwa sekunde ukiwa na 1500, na kama 13,800 ukiwa na 9000, na gharama nyingi za kerneli ni kwa kila paketi wala sio kwa kila baiti. Hilo ni kweli na ndilo ulilolisoma. Lakini waliolitatua kwa njia nyingine wapo. Kerneli ya 2.6.29 mwaka 2009, mwaka ule ule kebo za SEACOM na TEAMS zilipoanza kutuletea intaneti hapa Mombasa, iliingiza GRO, ambayo yachukua paketi za 1500 zinazofuatana za mazungumzo mamoja, yaziunganisha chini kabisa hadi kama KB 64, na kuzipitisha juu kama kitu kimoja. Ukitumia napi_gro_receive badala ya netif_receive_skb umepata sehemu kubwa ya faida ya jumbo bila kubadilisha chochote nje ya mashine. Nimeona unatumia netif_receive_skb, badilisha, ni mstari mmoja.

Na bei ya 9000 sio memori tu. Kwa waya wa megabiti 100 fremu moja ya 9000 yachukua zaidi ya maikrosekunde 700 kupita, na kila iliyo nyuma yake, hata sauti ya simu, yasubiri. Halafu kila kifaa cha njiani lazima kikubali. Swichi haiwezi kukata fremu ikaigawanya, ikiiona ni kubwa yaitupa kimya. Niliwahi kuitwa ofisi moja ya kliaringi Shimanzi, walilalamika eti seva imeingia jini, kulogi waingia, pingi yajibu, orodha ya faili fupi yafunguka, lakini ukituma skani ya makaratasi ya mzigo yakwama hapo hapo. Nilihangaika mpaka adhana ya magharibi, nikaja kupiga ping -M do -s 8972 kutoka mashine moja hadi nyingine, hakuna jibu, nikapiga -s 1472, jibu likaja. Seva na kile kisanduku cha diski vilikuwa vimewekwa 9000, na katikati juu ya dari kulikuwa na kiswichi kidogo cha bandari tano kisichojua jumbo, kimejaa vumbi, hakuna aliyekumbuka kama kipo. Kitu kidogo chapita na kikubwa chakwama, ukiona dalili hiyo fikiria MTU kabla ya jini. Na ukumbuke intaneti ya nje waipata kwa 1500, wengine wa PPPoE 1492, kwa hivyo 9000 yako yaishia mlango wa duka la mjomba. Tena hiyo 1500 yenyewe ya Ethernet ya 1980 sababu yake mojawapo ilikuwa memori ghali ya kuwekea fremu, kwa hivyo haya unayopigana nayo ni ya tangu zamani.

Kwa hivyo ningekuwa wewe ningefanya hivi. Rudisha MTU 1500 kwanza, na bafa iwe nusu peji. Hesabu yaingia: 64 za mbele, 1522 za fremu pamoja na tagi ya VLAN, 320 za mwisho, jumla 1906, chini ya 2048. Peji moja yabeba bafa mbili, ombi lako kwa kerneli ni peji moja moja, order:0, zile ambazo unazo elfu kumi na nane kwenye buddyinfo ile ile inayokusumbua. Usiandike usimamizi wa peji mwenyewe, tumia page_pool, ipo kwenye kerneli tangu 2018, yakuwekea peji zikiwa zimeshafanyiwa mapu ya DMA na zinarudi kwenye dimbwi paketi ikimaliza kutumika, bila kwenda kuomba kila mara. Kwa gigabiti hutaona CPU ikitokwa na jasho.

Kama bado wataka 9000, na kwa projekti ni jambo zuri la kuonyesha, fungua kitabu cha kadi yako utafute kama yaweza kumwaga fremu moja kwenye deskripta kadhaa na kuweka alama ya mwisho wa paketi kwenye ile ya mwisho. Ikiweza, fremu ya 9018 yaingia kwenye peji tatu ambazo hazihitaji kujuana, moja yaweza kuwa mwanzo wa RAM na nyingine mwisho. Waunda skb ndogo kwa napi_alloc_skb, wanakili vichwa peke yake humo, na peji zilizobaki wazining'iniza kwa skb_add_rx_frag. Watumia baiti 12288 badala ya 16384 na hakuna peji zinazopakana popote. Ugumu wake ni kwamba poll yako sasa lazima ikumbuke paketi iliyofika nusu, na kosa likitokea katikati uzirudishe peji zote tatu wala sio moja, hapo ndipo wanafunzi wengi huvuja memori.

Kadi isipoweza hilo, kuna njia ambayo vitabu haviipendi na mimi naipenda kwa kifaa kidogo cha kazi moja: omba bafa zote kubwa siku ya probe, yani draiva inapoikuta kadi mara ya kwanza, zikae milele, na kila fremu ikifika inakili kwenye peji za kawaida. Kwa gigabiti utanakili kama MB 125 kwa sekunde ukiwa umejaa kabisa, mashine ya leo yavumilia. Kwa gigabiti 10 na kwenda juu nisingekushauri.

Kuna mtu atakwambia uongeze vm.min_free_kbytes. Yasaidia, kerneli yaweka akiba kubwa zaidi wazi na uwezekano wa kupata peji nne wapanda, lakini haikupi ahadi. Iweke usiku huu kama plasta ili kamera za mjomba zisikatike wakati unarekebisha, ila usiiandike kwenye ripoti kama suluhisho, mtahini anayejua atakubana hapo.

Jambo moja sio la kujaribu peke yako. Ukiona data inayofika imeharibika bila CRC kulalamika, ama mashine yaanguka kila mara mahali tofauti, ama logi inataja kosa la IOMMU ama DMAR (mlinzi anayezuia vifaa kugusa memori isiyo yao), simamisha. Hiyo ni dalili kadi bado yaandika kwenye memori ambayo wewe umeshaiachia, na hizo baiti zaweza kutua kwenye video za mjomba ama kwenye mfumo wa faili wenyewe. Toa kadi kwenye mashine hiyo, chukua mashine nyingine isiyo na data ya mtu, washa KASAN, kile kikaguzi cha makosa ya memori, na ukaguzi wa DMA API kwenye kerneli, na utafute mtu aliyewahi kuandika draiva akae nawe mbele ya skrini na kitabu cha kadi wazi, maabara ya chuo ni mahali pazuri. Kosa la aina hiyo kwa maandishi tutazunguka wiki nzima.

Anza na ule utaratibu wa kujaza ringi, halafu GRO, halafu copybreak, halafu nusu peji, moja moja, na kila hatua uiache siku tano na kamera zikiwa zinarekodi, manake siku tatu ndio muda wako wa kuanguka. Kila jioni weka kwenye faili buddyinfo, takwimu za kadi za ethtool -S, na ile safu ya drops ya /proc/net/udp. Nafasi ya order:2 kwenye buddyinfo yaweza kubaki sufuri na draiva yako isijali.